Mpeni Yeye

Timu ya watoto huweza kuanza kufa siku iliyoshinda. Hii ninayoisimulia ilianza kufa Jumamosi moja iliyoshinda mabao 6-1, na kati ya wote waliokuwa pembeni ya uwanja wakishangilia, wazazi, bodaboda waliosimama kutazama, hata kocha mwenyewe, hakuna aliyelitambua.

Kisa nimekisuka kutokana na mambo yanayotokea kila msimu kwenye viwanja vya mchangani vya Dar es Salaam, ndiyo maana wahusika wake hawana majina. Msomaji akihisi anamfahamu kocha huyu asihangaike kumtafuta. Wako wengi, na wengi wao ni watu wema. Huyu wa kwetu alikuwa dereva wa bajaji huko Temeke, aliyewahi kucheza beki wa kati mpaka goti likamstaafisha. Kila jioni saa kumi na nusu, wakati abiria wa kurudi nyumbani ndio wanaanza kumiminika na kila dereva anahangaikia hesabu ya tajiri, yeye aliegesha chombo chake kando ya uwanja wa shule ya msingi akapuliza filimbi. Walikuja watoto kumi na sita, wa miaka 8 hadi 10, watatu kati yao wasichana. Wote aliwatoa vichochoroni, kwenye chandimu. Hakuna aliyemlipa hata senti. Mipira ilikuwa miwili, na ikitoboka yote watoto walirudi kwenye ule wa matambara na karatasi uliokazwa kwa kamba, mazoezi yakaendelea.

Mwaka wa kwanza aliwanyima uwanja mzima. Uwanja wa watu wazima una urefu wa mita 105 hivi na upana wa mita 68, na goli lake lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mtoto wa miaka 9 akisimama kwenye goli hilo anafungwa kwa mpira wowote wa juu, hata awe hodari namna gani, na mwenzake akitaka kwenda kushambulia upande wa pili anafika pumzi imekwisha. Kocha hakuwa na cheti cha kozi yoyote. Alikuwa na macho. Aliona kwamba wakicheza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, watoto watatu ndio wanaocheza na waliobaki wanasindikiza. Akaukata uwanja vipande viwili kwa majivu, akapanga matofali kuwa magoli madogo, akawachezesha wanne kwa wanne bila kipa. Waingereza, pamoja na fedha zao zote na makocha wao wote, walifika hapo hapo. Mwaka 2012 chama chao cha soka kilipitisha kwamba watoto wa chini ya miaka 7 na 8 wacheze watano kwa watano, wa chini ya 9 na 10 saba kwa saba, wa chini ya 11 na 12 tisa kwa tisa, na kumi na mmoja kwa kumi na mmoja isubiri mpaka kundi la chini ya miaka 13. Mantiki ni nyepesi: mtoto anayegusa mpira mara nyingi analazimika kuamua mara nyingi, na kuamua ndiko kunakomfundisha.

Miezi ya mwanzo mchezo wao ulikuwa ule ule wa watoto wote. Mpira ulipo na wao wapo, wamebanana kama kuku waliomwagiwa mtama. Hapa ndipo makocha wengi huharibu. Wanapiga kelele "Tawanyikeni!" mpaka sauti inakauka, na mtoto akitawanyika anasimama alipoambiwa asimame, hajui kwa nini yuko pale. Ukweli ni kwamba mtoto mdogo haoni kile ambacho kocha anakiona. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi fikra za watoto zinavyokua, alieleza kuwa mtoto mdogo huitazama dunia kutoka pale aliposimama yeye, na kwamba ni kuanzia umri wa miaka 7 hivi ndipo anaanza polepole kuweza kujiweka mahali pa mwenzake. Sasa fikiria pasi inadai nini. Inamdai mtoto aushike mpira mguuni, amwone adui anayemjia, amwone mwenzake anayekimbia, na zaidi ya yote akisie mwenzake atakuwa wapi baada ya muda mfupi ujao. Ni kazi nzito kwa kichwa cha miaka 8. Ukiona mtoto hatoi pasi, usiharakishe kumwita mchoyo.

Kocha wetu alilijua hilo bila kulisoma, akasubiri. Matunda yakaja jioni moja ya Jumatano.

Kulikuwa na mvulana mdogo kuliko wenzake wote, winga wa kushoto, aliyecheza na kaptura ya shule iliyokazwa kiunoni kwa pini. Miezi yote ile mpira ukimjia aliukanyaga kwa unyayo, akafumba macho, akasubiri kunyang'anywa. Jumatano hiyo aliukanyaga kama kawaida, ila macho hakuyafumba. Wenzake wawili wa upande wa pili walikuwa wanamjia mbio. Akainua kichwa. Pembezoni, karibu na mstari wa majivu, msichana mmoja alikuwa anakimbia na hakuita. Alinyoosha tu mkono mbele yake, kiganja kikitazama chini, kuonyesha wapi anautaka. Mvulana akausukuma mpira kwa upande wa ndani wa mguu, akaupeleka pale palipokuwa patupu, mbele ya msichana, mahali ambapo bado hajafika. Akafika. Akaupiga ukapita kando ya tofali. Goli lenyewe halikuwa na ajabu. Ajabu ni kwamba yule msichana, aliyezoea akifunga kumkimbilia kocha, safari hii aligeuka akamkimbilia winga, na winga alikuwa amesimama pale pale, anautazama mguu wake wa kushoto.

Kocha hakusema neno. Wiki iliyofuata kila mtoto alitaka kujaribu kitu kile, na pasi nyingi zilikwenda kwa adui au nje. Akawaacha wakosee. Kufikia mwisho wa mwaka hata sauti za uwanjani zilikuwa zimebadilika. Zamani ungesikia neno moja tu kutoka kila kona: "Nipe! Nipe!" Sasa ulisikia "Mtu nyuma!", ukasikia "Rudisha!", ukasikia "Tulia, uko peke yako!" Mtoto anayemwambia mwenzake "mtu nyuma" ameacha kuutazama mpira peke yake. Amemwona rafiki yake yuko hatarini, na kwa kuwa hawezi kumfikia kwa miguu anamlinda kwa sauti. Katika yote niliyowahi kuyaona watoto wakijifunza, machache yanalifikia hilo kwa uzuri. Na halifundishwi kwa filimbi wala kwa hotuba.

Mwaka wa pili likaja bonanza.

Zawadi ilikuwa mbuzi, kombe na laki tano taslimu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mtaani, mtu mkarimu, akamwita kocha. "Mwalimu, nakupa jezi seti nzima na mipira minne mipya. Mimi nataka kitu kimoja tu, kombe likae pale kaunta yangu." Kwa mwaka mzima kocha alikuwa ananunua maji na bandeji kwa fedha ambayo ingekuwa ya mafuta ya bajaji. Mke wake alikuwa ameanza kuuliza. Mtu wa namna hiyo akipewa jezi kumi na sita zenye namba mgongoni, anakubali, nami simlaumu kwa kukubali. Lawama inaanzia alipofika mazoezini siku ya pili yake.

Katika timu alikuwepo mvulana mwenye mguu mzito, amewazidi wenzake kichwa kizima. Makocha wa watoto tunapaswa kuogopa sana vipaji vya aina hii, maana mara nyingi tunachokiita kipaji ni tarehe ya kuzaliwa. Watafiti wa michezo wamelionyesha hili tangu miaka ya 1980: kwenye akademia na timu teule za vijana, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili hujaa kupita kiasi, kwa sababu kati ya mtoto wa Januari na wa Desemba kuna karibu mwaka mzima, na kwa mtu aliyeishi miaka 9 tu, mwaka mmoja ni mifupa, ni mbio, ni nguvu ya shuti. Wengine watamfikia, wakati mwingine watampita. Siku hiyo lakini yeye ndiye aliyeweza kupiga mpira kutoka katikati ya uwanja ukafika golini. Kocha akawakusanya watoto, akatoa agizo lililokuwa fupi kuliko yote aliyowahi kutoa: "Ukipata mpira, usihangaike. Mpeni yeye."

Walishinda 6-1. Jumamosi iliyofuata walishinda 5-0. Winga mwenye pini na yule msichana walikuwa benchi.

Kwenye mechi ya kwanza, baada ya bao la tatu, mtu mzima mmoja alivuka mstari akaenda kumtunza mfungaji noti ya shilingi elfu mbili. Kutunza ni desturi yetu, na ni desturi nzuri. Tunamtunza mwimbaji wa taarabu, tunamtunza mpiga ngoma, tunamtunza bibi harusi. Aliyetunza alikuwa na furaha ya kweli. Wengine wakafuata, na kufikia nusu fainali mvulana yule alikuwa na fedha nyingi kuliko alizowahi kuzishika maishani. Nakuomba msomaji umtazame mwingine, yule wa kiungo, aliyetoa pasi ya bao hilo la tatu. Alikuwa amenyang'anya mpira kwa beki, akapiga chenga moja, akauweka mahali pake. Amesimama hatua nne kutoka kwenye ile noti. Ametazama ikipita. Mtoto haelezwi jambo la namna hiyo, analielewa mwenyewe. Mechi iliyofuata, aliponyang'anya mpira pale pale na mwenzake yuko wazi, alipiga shuti mwenyewe kutoka mbali, likaenda barabarani. "Nipe! Nipe!" ikarudi uwanjani, na "mtu nyuma" ambayo ilichukua mwaka mzima kuota ilipotea ndani ya wiki chache.

Wazazi nao walibadilika. Mwaka uliopita wachache waliokuja waliketi kwenye kivuli cha mwembe wakapiga soga. Sasa walisimama mstarini, wakafundisha kila mtu kwa sauti yake. Nawaelewa. Mbwana Samatta alitokea Dar es Salaam hii hii, akapitia African Lyon, Simba, TP Mazembe na Genk, na Januari 2020 akatua Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mzazi wa Temeke akimwona mwanawe anafunga mabao manne asubuhi moja, ndege ameshaipanda kichwani. Lakini yule mvulana mwenye mguu mzito alianza kuumwa tumbo kila Jumamosi asubuhi. Mama yake alimpeleka zahanati, akapimwa minyoo, haikuonekana kitu. Jumapili alikuwa mzima. Baba yake, ambaye zamani alikuwa anamuuliza kama wamecheza vizuri, sasa alikuwa anamuuliza mangapi.

Nusu fainali ilimfumbua kocha macho, bahati mbaya akaangalia pabaya. Wapinzani walimwekea yule mvulana watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, basi. Mpira ukaja kwake, ukanyang'anywa. Ukaja tena, ukanyang'anywa tena. Wenzake walisimama wanatazama, kwa kuwa miezi miwili walikuwa wamefundishwa kwamba kazi yao inaishia pale mpira unapomfikia yeye. Timu ilipita kwa penalti. Usiku ule kocha alijua fainali hawataiweza. Alikuwa na njia mbili. Angeweza kuwarudisha uwanjani wale wa benchi, akawaambia watoto wacheze kama walivyocheza mwaka jana, na wakishindwa washindwe. Au angeweza kutafuta vijeba.

Akatafuta vijeba. Wavulana wawili wa mtaa wa jirani, miaka 13 kila mmoja, wakaja na vyeti vya kuzaliwa vya wadogo zao.

Ugonjwa huu una historia ndefu, na sisi Watanzania tumewahi kuulipia na kulipwa nao. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, ilikuwa imefuzu fainali za Afrika zilizochezwa Gambia, ikaondolewa kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Miaka kumi na miwili baadaye upepo ukageuka: Congo Brazzaville waliokuwa wametutoa kwenye mechi za kufuzu waliondolewa wao, baada ya mchezaji wao mmoja kutofika kupimwa umri, nasi tukaenda Gabon 2017. Na fainali za 2019 zilizochezwa hapa hapa Dar es Salaam, Guinea walifika mpaka mechi ya mwisho, kisha wakavuliwa tiketi ya Kombe la Dunia kwa sababu ya umri wa wachezaji wao wawili. Tukisikia habari hizi tunawalaumu viongozi wa shirikisho. Mimi nawaza kwamba kijana anayefika timu ya taifa na tarehe ya mdogo wake hakuanzia huko. Kuna mtu mzima aliyempenda, kwenye uwanja wa vumbi, aliyemfundisha kuikariri.

Hawa wawili waliikariri kwa wiki moja. Siku ya fainali mwandalizi aliwauliza, wakajibu bila kusita.

Uwanja safari hii ulikuwa mzima, na magoli yalikuwa ya watu wazima. Kipa wa timu pinzani alikuwa na miaka 9. Kipindi cha pili, mmoja wa vijeba alipokea mpira nje kidogo ya eneo la hatari, akapiga kwa nguvu zake zote za miaka 13. Hakufanya kosa lolote la mchezo. Alipiga kama apigavyo kila siku na wenzake. Kipa aliruka, akauweka mkono, mpira ukaukunja kwa nyuma. Aliketi chini. Hakulia. Aliutazama mkono uliokuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, karibu na ncha ya mfupa, kuna tabaka la gegedu ambapo mfupa unaendelea kurefuka. Ni laini kuliko mfupa wenyewe, na mtoto akianguka au akipigwa hapo panaweza kuachia. Utu uzima unapokaribia tabaka hilo hugeuka mfupa kabisa, likafunga. Na ndipo hapo hapo FIFA wanapopatazama: tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 la mwaka 2009, lililochezwa Nigeria, wachezaji hupigwa picha ya MRI ya kifundo cha mkono, na ikionekana tabaka limeshafunga kabisa, mchezaji huyo karibu hakika amevuka miaka 17. Uwanjani Temeke hakukuwa na mashine. Kipimo kilifanyika kwa njia nyingine, kwenye mkono wa mtoto wa watu.

Bibi yake kipa alikuwapo. Alipohakikisha mjukuu amepakiwa kwenye bajaji, tena bajaji ya kocha yule yule maana ndiyo iliyokuwa karibu, alirudi mpaka katikati ya uwanja. Kocha akamsogelea na vyeti mkononi. Bibi hakumtazama. Alimtazama mpigaji, akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, hujambo?"

"Sijambo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Una miaka mingapi, baba?"

"Kumi na mitatu, bibi."

Wiki nzima alikuwa ameikariri ile tarehe. Aliyemuuliza kwa mamlaka alimpa tarehe ya mdogo wake. Aliyemwita mjukuu alimpa ukweli.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kombe lilikwenda kwa wapinzani, mbuzi akaenda nalo, mwenye duka akazifuata jezi zake. Kipa alifungwa hogo, na kwa kuwa mifupa ya watoto huunga upesi, mkono ukarudi salama, ila golini hakurudi. Wale vijeba nao walipoteza zaidi ya inavyodhaniwa: wenzao wa mtaani walicheza mashindano ya umri wao siku zile zile, bila wao. Mvulana mwenye mguu mzito alilaumiwa na wenzake kwa kushindwa ambako hakukuwa kwake. Alipohamia timu ya chini ya miaka 13, akakuta wengine nao wamerefuka, mashuti yao yanafika kama yake, na wanajua kukimbilia sehemu tupu, kitu ambacho kuanzia siku ya agizo lile hakuna aliyemdai. Aliacha mpira. Ninapofikiria kisa hiki ndiye anayenisumbua kuliko wote, kuliko hata kipa, kwa sababu yeye ndiye tuliyesema tunampenda zaidi. Kocha hakuonekana uwanjani kwa muda mrefu.

Aliyewakusanya watoto waliobaki ni mwalimu wa michezo wa shule ile ile, mwanamke aliyezoea kuandaa timu za UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Aliwakuta wamerudi mwanzo, kila mmoja na "nipe" yake. Akairudisha wanne kwa wanne. Akaamuru kwamba mfungaji, kabla ya kitu kingine, amfuate aliyempa mpira amshike mkono. Nafasi zikawa za kupokezana, hata ya kipa, na kila mtoto alicheza angalau nusu ya mechi, awe wa pini au wa mguu mzito. Anayetaka kutunza akaelekezwa kwenye ndoo kando ya mwembe, na kilichopatikana kikanunua machungwa ya timu zote mbili. Baadhi ya akina baba walinuna. Walisema watoto wanadekezwa, wasipozoea ushindani sasa watauzoea lini. Hoja yao si ya kupuuzwa, lakini Norway wameipatia jibu: kanuni za michezo ya watoto za nchi ile haziruhusu misimamo ya ligi wala kupanga timu kwa matokeo kabla ya umri wa miaka 11, na humo ndimo walimokulia Erling Haaland na Martin Ødegaard. Watoto wenyewe huhesabu mabao, hakuna haja ya kuwahimiza. Kinachotakiwa kusubiri ni pupa ya watu wazima.

Siku moja kocha alirudi, akaegesha bajaji pale pale pa zamani, akamwomba mwalimu kazi yoyote. Mwalimu akampa wadogo kabisa, wa miaka 6 na 7, na akamwambia usajili na vyeti havitapita mikononi mwake tena. Vitakaa kwa kamati ya wazazi. Kuna waliotaka asirudi kabisa. Mimi ningemrudisha, kwa masharti hayo hayo. Mtaa hauna watu wengi wanaojua mpira na walio tayari kuacha abiria saa kumi na nusu kwa ajili ya watoto wasio wao, na kubanana kule kwa watoto wa miaka 6 hakuna aliyewahi kukuvumilia kama yeye.

Mabonanza hayataisha, na mzazi asiyapige marufuku. Watoto wanayapenda, na kucheza na watoto wa mtaa mwingine ni elimu. Ila kabla hujasaini fomu, nenda uwanjani siku moja mapema. Pima goli kwa hatua zako. Uliza nani anahakiki umri, na kama mhakiki huyo ana timu kwenye mashindano. Uliza kama watoto wote watacheza au kumi na mmoja tu, na kama mtu anaruhusiwa kuingia na noti mchezo ukiendelea. Ukijibiwa ovyo, rudi na wanao kwenye uwanja wa shule, upange matofali, wacheze wanne kwa wanne mpaka adhana ya magharibi.